PDT kwa saratani ya njia za hewa: hatua kwa hatua, toka kabla ya sindano mpaka siku ya kurudi juani

Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila mara, "nijikinge vipi na mwanga na mpaka lini?", na makosa ni yale yale. Mtu kafanyiwa PDT (photodynamic therapy, tiba ya saratani kwa dawa na mwanga) vizuri kabisa, daktari kamaliza kazi yake, alafu wiki inayofuata mgonjwa ana malengelenge mkononi kwa sababu alitoka nje dakika chache tu kufungua geti. Mwingine kajifungia chumbani giza totoro mwezi mzima, siku anatoka anaungua vile vile, anashangaa. Na wapo wanaoruka kamera ya pili, ile ya kusafisha njia ya hewa siku chache baada ya kumulikwa, maana "nimeshachoka na hospitali".

PDT ni tiba ya dawa na mwanga. Unachomwa dawa kwenye mshipa, dawa inakaa zaidi kwenye uvimbe kuliko kwenye nyama nzima, alafu daktari anapitisha kamera mpaka ndani ya bomba la hewa na kumulika uvimbe kwa mwanga mwekundu wa leza. Dawa ikikutana na mwanga huo na oksijeni iliyopo kwenye nyama, inatokea aina ya oksijeni kali inayoua seli na kuziba vimishipa vya damu vinavyolisha uvimbe. Mwanga wenyewe hauunguzi kitu. Ukielewa hilo umeelewa na kwanini jua linakuwa adui yako, dawa haijui kama mwanga umetoka kwa daktari au umetoka dirishani.

Maelezo mengi hapa yanahusu porfima sodiamu, wengi wanaijua kwa jina la Photofrin. Uliza jina la dawa yako, liandike. Japani kwa mfano wanatumia pia talaporfini, hiyo wanamulika masaa 4 mpaka 6 tu baada ya sindano na ngozi inapona mapema zaidi, kwahiyo ukichukua masharti ya dawa moja ukayatumia kwa nyingine unajipoteza.

Vitu vya kuandaa kabla hujaenda

Andaa KABLA ya siku ya sindano. Sio jioni yake, sio "nitanunua nikitoka", maana ukitoka tayari mwili wako unashika mwanga.

- Kofia pana inayofunika uso, masikio na shingo
- Shati la mikono mirefu na suruali au gauni refu, kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Kinyanyue juu kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya hicho hakifai
- Glavu, soksi na viatu vya kufunika mguu wote
- Skafu ya shingo na sehemu ya uso
- Miwani meusi sana, yale yanayopitisha chini ya asilimia 4 ya mwanga. Miwani ya kawaida ya fasheni haifiki huko, mwambie muuzaji kiwango hicho
- Mapazia mazito kwa madirisha yote ambayo jua linaingia, na kama paa lina sehemu ya kioo au plastiki ya kupitisha mwanga, nayo izibwe
- Taa ya kawaida yenye kivuli chake
- Kipimajoto
- Daftari na kalamu
- Mfuko wa karatasi, huu ni wa mwishoni kabisa, utauona hatua ya 7

Losheni ya kukinga jua sijaiweka na sijasahau. Losheni zile zinazuia miale isiyoonekana ya jua, wakati dawa hii inaamshwa na mwanga wa kawaida unaouona kwa macho. Ukijipaka na kutoka umetoka bila kinga.

Hatua ya 1: Hakikisha PDT inakufaa kweli

Hapa usione aibu kuuliza. PDT inafanya kazi pale tu mwanga unapofika, na huu mwanga mwekundu unapenya nyama kama milimita 5 mpaka 10 hivi. Kwahiyo inatumika kwa saratani iliyo ndani ya bomba kubwa la hewa na matawi yake ambayo kamera inaweza kuyafikia. Iko ya aina mbili. Kwanza ni kauvimbe kadogo ka mapema kwa mtu ambaye upasuaji na mionzi havimfai, hapo lengo ni kuponya, na vile visivyozidi sentimita 1 ambavyo havijaingia kwenye gegedu ndo vinajibu vizuri zaidi. Pili ni uvimbe mkubwa ulioziba njia ya hewa nusu au yote, hapo lengo ni kufungua njia mtu apumue, sio kuponya saratani yote. Muulize daktari wazi kabisa: yangu ni ipi kati ya hizo mbili? Familia nyingi zinaumia baadae kwa sababu waliingia wakidhani ni ya kwanza kumbe ni ya pili.

Mambo ya kumwambia daktari hata kama hajauliza:

Kama una pofiria (ugonjwa ambao mara nyingi hufanya ngozi isivumilie mwanga) au una aleji na dawa za jamii ya porfirini kama hii ya PDT, PDT haifanyiki. Kama kuna tundu kati ya njia ya hewa na umio (bomba la chakula), haifanyiki. Kama uvimbe umekula mpaka ukuta wa mshipa mkubwa wa damu, haifanyiki, maana uvimbe ukifa mshipa unabaki wazi na damu inayotoka hapo inaweza kuua.

Kama ulipigwa mionzi kifuani, kawaida wanasubiri wiki 4 ndo PDT ianze. Kama mionzi inakuja baada ya PDT, wanasubiri wiki 2 mpaka 4. Sababu ni kuvimba kwa ndani, tiba mbili zikivimbisha njia ya hewa kwa pamoja unaweza kukosa pumzi.

Taja dawa ZOTE unazomeza. Zipo zinazoongeza ngozi kushika mwanga: antibayotiki za jamii ya tetrasaikilini, za salfa na za kinoloni, baadhi ya dawa za kisukari, za kukojoza za presha, za fangasi kama griseofulvini. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo taja, ila usiache kumeza kwa uamuzi wako, aamue daktari. Ini au figo zikiwa na shida sema pia, dawa inatoka mwilini taratibu na masharti ya mwanga yanaweza kupita hata siku 90. Mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya sindano, sio baada.

Na kama mtu kabanwa sana pumzi SASA HIVI, PDT sio tiba ya dharura. Dawa inataka karibu siku mbili kabla ya kumulika na ikishamulikwa uvimbe unavimba kwanza kabla ya kusinyaa. Huyo anahitaji njia nyingine ya kufungua bomba haraka.

*Umefaulu hapa kama:* unaweza kumweleza mtu wa nyumbani kwa maneno yako uvimbe uko wapi, lengo la tiba ni nini, na dawa yako inaitwaje.

Hatua ya 2: Tayarisha nyumba

Funga mapazia siku moja kabla. Alafu kaa pale unapokaa kila siku, kwenye kiti chako, kitandani, mezani, saa tofauti tofauti, uangalie mwale wa jua unaangukia wapi. Asubuhi kitanda kinaweza kuwa salama na saa 10 jioni jua likakipiga moja kwa moja. Hamisha kitanda, sio ujiambie utakuwa makini.

Taa za karibu zenye balbu tupu ziondoe au uzivike kivuli. Taa ya kusomea inayomulika mkono kwa karibu ni tatizo. Mwanga wa kawaida wa chumba hauna shida, tena unauhitaji, nitaeleza mbele.

*Umefaulu kama:* kuanzia asubuhi mpaka jioni hakuna mwale wa jua unaogusa sehemu utakayokaa au kupita.

Hatua ya 3: Siku ya sindano

Vaa au beba nguo zako zote za kinga. Narudia, kwenda nenda nazo! Hili ndo kosa namba moja. Mtu anakuja na shati la mikono mifupi sababu bado hajachomwa, anasahau kurudi atakuwa ameshachomwa.

Dozi ya porfima ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili, kwahiyo mtu wa kilo 60 anapata miligramu 120, inasukumwa taratibu kwenye mshipa kwa dakika 3 mpaka 5. Uzito wako upimwe siku za karibuni, usiseme ule wa mwaka jana, wagonjwa wa mapafu wanapungua haraka.

Ukihisi inachoma au panavimba pale sindano ilipo, sema hapo hapo. Dawa ikivuja nje ya mshipa ile sehemu inabaki na dawa nyingi na inabidi ikingwe na mwanga kwa siku zisizopungua 30.

Andika kwenye daftari SAA ya sindano. Kila kitu kinahesabiwa kutoka hapo.

Kwenye gari kaa upande usio na jua, kofia na glavu zikiwa zimevaliwa. Kioo cha gari hakizuii huu mwanga.

*Umefaulu kama:* umefika nyumbani bila ngozi kuona jua na saa imeandikwa.

Hatua ya 4: Kumulikwa

Mwanga unapigwa masaa 40 mpaka 50 baada ya sindano. Chukua mfano, umechomwa Jumatatu saa 4 asubuhi. Masaa 40 yanaangukia saa 8 usiku wa kuamkia Jumatano, masaa 50 yanaisha Jumatano saa 6 mchana. Kwahiyo wewe ni Jumatano asubuhi. Ukichelewa ukaja Alhamisi umepita muda ambao dawa iko nyingi kwenye uvimbe kulinganisha na nyama ya pembeni, na hiyo tofauti ndo tiba yenyewe. Panga usafiri kama unavyopanga ndege.

Utaambiwa usile wala kunywa kwa masaa kadhaa, fuata kama ulivyoambiwa maana chakula kikipanda wakati umelala kwa dawa ya usingizi kinaingia mapafuni.

Ndani wanapitisha kamera, alafu kupitia kamera wanapitisha waya mwembamba wa faiba ambao ncha yake inatoa mwanga pande zote, ncha ina urefu wa sentimita 1 mpaka 2.5 kulingana na uvimbe. Inalazwa pembeni ya uvimbe au kuchomekwa ndani yake. Mwanga ni wa nanomita 630, mwekundu, na kwa kipimo cha kawaida unawaka sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Basi. Watu wanategemea kitu kikubwa cha masaa, kumbe kazi ndefu ni ya kwako nyumbani.

Wakumbushe wahudumu kwamba una dawa ya mwanga mwilini. Taa kubwa za thieta zisikumulike ngozi bila sababu, na kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kibadilishwe kidole mara kwa mara, kina taa nyekundu ndani yake. Wazoefu wanajua, ila zamu hubadilika na anayeingia usiku anaweza asijue.

Hatua ya 5: Siku mbili tatu za baada ya mwanga (usiruke hapa)

Hapa ndo pana hatari kubwa kuliko hata ile ya jua na ndo pana watu wanaodhani wamemaliza.

Uvimbe ukishamulikwa unavimba, unakufa, unageuka utando na vipande vya nyama iliyokufa ndani ya bomba la hewa. Vile vipande vinaweza kuziba njia. Ndo maana daktari anarudisha kamera siku ya 2 au ya 3 baada ya mwanga kuvitoa. Kwa mfano wetu wa Jumatano, hiyo ni Ijumaa au Jumamosi. Kama bado kuna sehemu haijafa vizuri, anaweza kumulika mara ya pili bila kukuchoma tena, muda wake ni masaa 96 mpaka 120 toka sindano, yaani Ijumaa saa 4 asubuhi mpaka Jumamosi saa 4 asubuhi. Unaona inavyoingiliana? Ukiruka hiyo miadi umepoteza usafi NA nafasi ya mwanga wa pili kwa mpigo mmoja.

Vya kawaida siku hizi: kikohozi, makohozi mazito yenye vipande vya rangi ya kijivu au kahawia, michirizi ya damu, homa, kifua kuuma, pumzi kuwa fupi kidogo. Kunywa maji kama hukukatazwa, kaa wima, kohoa utoe. Kohoa kwenye tishu nyeupe uangalie rangi, andika.

Rudi hospitali HARAKA, usisubiri asubuhi, ukiona:

- damu nyingi inayokoholewa, sio michirizi tena
- pumzi inazidi kubana au sauti ya mluzi au kukoroma wakati wa kuvuta hewa
- homa inapanda na haishuki
- midomo au kucha kubadilika rangi

Ukitoka mbio hospitali bado vaa kofia na glavu, au mwambie anayekupeleka akufunike shuka zito. Na sentensi ya kwanza kwa mhudumu iwe "nimechomwa dawa ya PDT tarehe fulani".

*Umefaulu kama:* kamera ya usafi imefanyika, pumzi imefunguka kuliko kabla au angalau haijashuka, na makohozi yanapungua siku hadi siku.

Hatua ya 6: Siku 30 za mwanga wa kiasi

Sijasema siku 30 za giza, soma tena kichwa. Mwanga hafifu wa ndani ya nyumba unaivunja dawa iliyobaki kwenye ngozi taratibu, kidogo kidogo, bila kukuunguza. Ukijifungia gizani dawa inakaa pale pale kwenye ngozi, siku 30 zinaisha na bado uko kama siku ya kwanza. Kwahiyo washa taa ya kawaida, kaa sebuleni na watu, angalia televisheni, pika. Unachokwepa ni jua la moja kwa moja na taa kali za karibu.

Kutoka nje mchana ni kwa lazima tu na nguo zote. Wingu halikuokoi, mwanga unapita. Kivuli cha mti nacho mwanga unaruka kutoka ukutani na ardhini unakupata kidevuni chini ya kofia, ndo kazi ya skafu. Yanayoweza kusubiri yafanye jua likishazama.

Taa ya daktari wa meno, taa ya kupimwa macho, mashine za kukaushia nywele zile za kuvaa kichwani, ahirisha vyote. Macho yanaweza kuuma kwenye mwanga wa jua au hata taa za gari usiku, miwani ni ya siku zote 30 hata kama ngozi inaonekana sawa.

Kuna hii imani kwamba mwenye ngozi nyeusi haungui. Usiitegemee, fuata masharti yale yale. Tena kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani mapema, kwahiyo usitafute wekundu, tafuta JOTO, kuvutika, kuwasha kama unachomwa na visindano, na kuvimba. Gusa mgongo wa mkono mmoja ulinganishe na mwingine. Ukihisi hivyo ingia ndani mara moja, poza kwa kitambaa cha maji baridi, piga simu hospitali. Malengelenge yakitokea usiyapasue.

*Umefaulu kama:* siku ya 30 imefika na daftari halina tukio la kuungua.

Hatua ya 7: Kipimo cha mfuko wa karatasi

Siku 30 zikipita usitoke tu. Wengine ngozi inaendelea kushika mwanga miezi mitatu au zaidi, na hakuna wa kukuambia isipokuwa ngozi yako.

Chukua ule mfuko wa karatasi, toboa tundu la upana wa sentimita 5 hivi, ingiza mkono ili tundu liwe juu ya mgongo wa kiganja. Mwili mwingine wote umefunikwa. Weka kwenye jua dakika 10 kwa saa, sio kwa kukisia. Ingia ndani, subiri masaa 24.

Kama hakuna joto, wekundu, uvimbe wala lengelenge, anza kutoka kidogo kidogo. Kidogo maana yake dakika chache siku ya kwanza, unaongeza, sio kwenda shamba kutwa nzima. Kama kimetokea chochote, rudi kwenye masharti wiki 2 zaidi ndo upime tena.

Usipimie usoni. Ngozi ya kuzunguka macho inashika zaidi na ukiungua pale ni balaa. Na mkono kupita hakumaanishi mwili wote umepita, sehemu tofauti zinapona kwa muda tofauti, kwahiyo mgongo au mabega ambayo hayajaona mwanga kabisa mwezi mzima yapime yenyewe kabla ya kuyaacha wazi. Ukisafiri kwenda sehemu yenye jua kali kuliko ulipopimia, pima upya ukifika.

Hatua ya 8: Kujua kama imefanya kazi

Pumzi kuwa nyepesi ni dalili nzuri ila sio jibu. Kwa uvimbe mdogo wa mapema jibu ni kamera nyingine kwenye miezi inayofuata, daktari anachukua kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara, kikija safi bado anarudia kwa ratiba yake, kwa sababu saratani inaweza kurudi pale pale au kuanza tawi lingine la njia ya hewa. Kama ulikuwa unavuta sigara na hujaacha, hapa pana la kuzungumza na daktari wako.

Wakati mwingine kovu linabana bomba la hewa baadae, ukiona pumzi inarudi kuwa fupi wiki au miezi baadae usidhani moja kwa moja ni saratani imerudi, inaweza kuwa kovu na linatibika. Nenda waangalie.

Ikibaki kidogo PDT inaweza kurudiwa, mpaka mara 3, kila duru ikipishana na nyingine siku zisizopungua 30. Kila sindano mpya inaanza hesabu upya: saa mpya kwenye daftari, siku 30 mpya, mfuko mpya wa karatasi. Mapazia yaache pale pale mpaka daktari akwambie hakuna duru nyingine.